Mwaka Tuliokula Mpungate

Siku hizi mpungate umepata heshima. Mjukuu wangu aliniletea chupa ya maji yake kutoka mjini, mekundu, yenye karatasi imebandikwa ubavuni kusema yanasafisha damu na kupunguza sukari. Akanimiminia kwenye gilasi, akakaa kunitazama kama mtu aliyekuja na zawadi ya Eid. Nilimwambia arudishe chupa yake alikoitoa. Akaudhika, na haki yake, maana hajui. Sikuwahi kumwambia mtu. Basi nayaandika hapa, asome mwenyewe akitaka, na asiniletee tena.

Kwetu ni Msuka, juu kabisa kaskazini, upande wa maweni. Mtu akisikia Pemba hufikiri mikarafuu tu, vilima vya kijani na harufu nzuri. Hiyo ni Pemba ya wenzetu. Sisi ardhi yetu ni mawe, na katikati ya mawe kuna udongo wa kuokoteza, ambamo bibi zetu walipanda muhogo na mtama na kunde. Mvua ikinyesha tunakula, ikikataa tunatazamana. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza ilikataa. Masika yalipita na wingu tupu, vuli ikatoa manyunyu ya kudanganya, muhogo ukafia ardhini ungali mwembamba kama kidole. Wakubwa walikuwa wameshaanza kubaguana kwa vyama, huyu haingii duka la yule, yule hamziki maiti wa huyu, na mimi nilidhani njaa nayo imeletwa na siasa.

Nyumbani tulikuwa wanne. Bibi, mzaa mama. Mama mwenyewe. Kaka yangu, ambaye alikuwa karibu na kubaleghe. Na mimi, niliyekuwa nyuma yake kwa miaka michache. Baba alikwenda Tanga kutafuta kazi na habari zake zilikuwa za kusikia kwa watu, leo yu mzima, kesho hajulikani.

Mpungate ulikuwa umejaa maweni, nyuma ya nyumba na kwenda hadi karibu na pwani. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeutaka. Watu waliutumia kama ua wa kuzuia mbuzi, na hata mbuzi waliupita. Ndugu zangu msioujua, ni mti usio na jani wala tawi, ni mapande manene ya kijani yaliyoota juu ya mapande mengine, na kila pande lina miiba. Matunda yake hukaa ukingoni mwa pande, na yakiiva huwa mekundu ya kukoza. Miiba mikubwa si kitu, unaiona. Yenye kuua ni ile midogo, laini kama manyoya ya kiwavi, ambayo huioni mpaka iko mdomoni.

Bibi ndiye aliyesema tule. Alikuwa ameshaula katika njaa nyingine, kabla mama hajazaliwa. Akatufundisha. Tunda hulishiki kwa mkono, unalibana kwa kijiti kilichopasuliwa kati, unalisokota mpaka liachie. Kisha unalimwaga na wenzake mchangani na kuyafagia kwa tawi, huku na huku, mpaka manyoya yatoke. Ndipo linapasuliwa, linamenywa, linaliwa nyama yake. Mbegu zake ni ngumu kama changarawe na ukizimeza nyingi unafungwa choo mpaka unalia, na sisi tulilia. Mapande nayo, yale machanga tu, bibi aliyaparua kwa kisu, akayakata vipande vyembamba, akayachemsha na kumwaga yale maji yenye ute, akayachemsha tena, kisha akayatia tui na pilipili na dagaa akipatikana. Yalikuwa kama bamia lililokasirika. Mwezi wa kwanza nilisema ni matamu. Mwezi wa pili niliyala nimefumba macho.

Tulikuwa tumeanza tu kula matunda mama alipoona, asubuhi moja, pale nyuma ya uwa ambapo kaka alisimama kukojoa. Mawe yetu ni meupe. Juu ya jiwe jeupe mkojo wa kaka ulikuwa mwekundu.

Mtu wa Pemba hahitaji kuelezwa maana ya mkojo mwekundu. Ni kichocho. Wavulana wengi walikuwa nacho, waliokoga madimbwini, na wengi walikua nacho wakaoa. Lakini mama alikuwa na kaka yake aliyekojoa damu mpaka akavimba, akafa akiwa kijana, na mama ndiye aliyekuwa akimbebea chombo. Bibi alicheka aliposikia. "Ni mpungate huo, mwanangu. Hata wangu mwekundu. Hata wako, hebu katazame."

Mama akamjibu, "Na yule mwanao naye alikula mpungate?"

Bibi hakucheka tena.

Alfajiri iliyofuata mama alitia mkojo wa kaka katika chupa ya mafuta iliyooshwa, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatushika mkono, kaka kuliani na mimi kushotoni, na tukaenda kwa miguu mpaka zahanati. Sitaitaja, na haina haja. Tulifika jua limepanda. Benchi lilikuwa limejaa, na nusu ya waliojaa walikuwa watu wetu, akiwemo jirani yetu ambaye ukuta wake na wetu ziligusana. Dresa, mganga wa pale zahanati, alitoka na koti lake jeupe, akamsikiliza mama mbele ya wote, akainyanyua chupa kwenye mwanga.

"Mmekula nini siku hizi?" aliuliza.

Kaka ndiye aliyesema, "Mpungate."

"Toa ulimi," dresa akamwambia.

Kaka akautoa. Ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyetafuna tambuu. Dresa alianza kucheka taratibu, kisha kwa sauti, akamgeuza kaka kwa bega ili benchi zima lione. "Huyu mama," alisema, "ametoka Msuka mpaka hapa kuniletea sharubati." Na watu walicheka. Walikuwa wagonjwa, wamekaa na homa zao na vidonda vyao, na walicheka mpaka mmoja akakohoa. Jirani yetu alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika.

Dresa alisema kweli, hilo silikatai. Lakini kweli ingeweza kusemwa kwa sauti ndogo, ndani, mlango umefungwa. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile na bado nina hasira naye.

Tulirudi. Habari zilifika kabla yetu, sijui kwa njia gani, maana hatukusimama njiani. Kesho yake kisimani mwanamke mmoja alimuuliza mama, "Ee bibi weye, leo wa rangi gani?" Na wa pili, na wa tatu. Wote walikuwa wanakula mpungate, wote mikojo yao ilikuwa vilevile, lakini uliopelekwa kwenye chupa ulikuwa mmoja. Sisi Wapemba tuna heshima nyingi, Bi huyu na Mzee yule, lakini tukipata la kumcheka mtu tunalitunza kama mbegu. Mama alikuwa mwenye kujitukuza kidogo, anayevaa kanga yake ya kukwajuka kama mpya. Alianza kwenda kisimani mchana wa jua kali, wakati hakuna mtu.

Ndipo alipotunga sheria ya nyumbani. Matunda yalikuwa yanapungua karibu, inabidi kwenda mbali kuyatafuta, na kaka ndiye aliyekwenda. Sheria ilisema matunda yote yaje nyumbani, mama ayagawe, na mwenye kula njiani hapati kitu jioni. Tukirudi alikaa mlangoni akatuambia, "Toa ulimi." Yale maneno ya dresa aliyachukua yakawa yake, na aliyasema kwa sauti ileile. Kaka alikamatwa zaidi ya mara moja. Alikuwa mvulana mwenye njaa, anatembea maweni peke yake na pakacha limejaa chakula, nani asingekula? Basi naye akajifunza hila. Alisugua ulimi kwa mchanga na majivu mpaka uwekundu unapotea, akanifundisha na mimi. Mama aligundua, kwa sababu ulimi uliosuguliwa una mikwaruzo na mchana kutwa unauma, na kaka alishindwa kula pilipili. Alimpiga kwa kifagio. "Muongo ni muongo," alisema, "hata akioga."

Yakawa hayo, wiki juu ya wiki. Kisha siku moja kaka alirudi mapema na pakacha nusu. Alitetemeka jua likiwa utosini. Alipita mlangoni bila kungoja kuambiwa atoe ulimi, akalala juu ya jamvi, akajikunyata, asile kitu jioni ile.

Homa si kitu cha kushangaza kwetu. Mama alichemsha mwarobaini, akamfunika kwa shuka na kumfukiza. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliandika kombe, aya sahanini zikayeyushwa kwa maji, kaka akanywa. Aliamka kesho yake amelegea, akatoka nje akishika ukuta, na mimi nikasikia akiita.

"Mama. Nakojoa damu."

Mama alikuwa anafagia miiba ya matunda uwani. Hakuacha kufagia. "Umekula huko maweni."

"Sijala, mama."

"Umekula. Pakacha lilikuja nusu."

"Nlishindwa kulijaza, mama. Nliona kizunguzungu. Wallahi sijala, tangu juzi sijala." Akaja mpaka mbele yake, akapiga magoti, si kwa heshima, ni miguu haikumbeba. "Ntazame ulimi."

Akautoa. Mimi nilikuwa pembeni, na kutoka nilipokuwa nilimwona mama akigeuza uso upande wa ukuta.

"Sina haja ya ulimi wako," alisema. "Ulimi unasuguliwa. Mkojo hausuguliki. Nenda kalale."

Bibi alikuwa amekaa kitako mlangoni. Akasema kwa upole, "Mtazame tu, mwanangu. Kutazama hakuna gharama."

"Mama, nyamaza. Wewe ndiye uliyesema ni mpungate. Wewe ndiye uliyenicheka mwanzo."

Nimelifikiria jambo hili kwa umri wangu wote na naamini hivi: mama hakuutazama kwa sababu aliogopa kuukuta mweupe. Angeukuta mweupe ingembidi aende tena kwenye lile benchi, asimame mbele ya lile koti, na atoe chupa. Alimpenda kaka kuliko alivyonipenda mimi, hilo lilijulikana na sikuwa na kinyongo nalo. Lakini aibu ni mnyama mwingine. Inamshika mtu mahali ambapo mapenzi hayafiki kwa haraka.

Jioni ile mkojo wa kaka ulikuwa umekoza, si mwekundu tena, ni kama kahawa. Hapo hata mimi nilijua kwamba hakuna tunda lenye kutoa rangi ile. Mama alimwaga chombo. Asubuhi macho ya kaka yalikuwa ya njano na hakuwa akinijibu vizuri, aliniita kwa jina la binamu yetu. Mama alimwangalia, akaangalia mlango, akaingia ndani kuvaa buibui lake. Alipotoka hakuwa mtu wa jana. Alikimbia nyumba kwa nyumba kuomba wanaume wa kumbeba, na nyumba ya kwanza aliyogonga ilikuwa ya yule jirani wa benchi, ambaye mumewe alitoka saa ileile na kamba begani. Nalisema hilo kwa sababu ni haki kulisema.

Walimfungia kitanda kwenye mti mrefu, wakambeba wanne kwenda barabarani kungojea gari la Wete. Mama alikwenda ubavuni ameshika mguu wake. Mimi na bibi tulibaki tumesimama uwani hata baada ya kutowaona. Bibi alisema, "Kaa kitako, mjukuu wangu," lakini yeye mwenyewe hakukaa.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Walikuwa wanatembea polepole mno, na waliokuwa wanakokota miguu hawakuwa wamechoka. Gari walilikuta limeshapita. Waliamua kumbeba kwa miguu moja kwa moja, na hawakufika mbali, kaka akakata roho kando ya njia kwenye konde ya mtu, mama ameshika mguu uleule. Sijui kama dresa angeweza kumponya. Homa ile iliwaua wengi waliofika mapema zaidi. Watu walimwambia mama hivyo, na ilikuwa kweli, na haikumsaidia.

Walimlaza chumba cha ndani. Bibi alimfumba macho na kumfunga kitambaa cheupe kidevuni, kikapanda mashavuni mpaka juu ya kichwa, ili mdomo usikae wazi. Wanaume walikwenda kutafuta maji ya kuoshea na sanda. Kwa muda mfupi tulikuwa sisi watatu tu pamoja naye.

Mama alimsogelea. Nilidhani anataka kumbusu. Akaanza kukifungua kile kitambaa.

"Mwanangu, muache," bibi alisema. "Muache apumzike."

Mama hakusikia. Alifungua fundo lile dogo kwa kucha zake, akakiweka kitambaa pajani. Akaufungua mdomo wa kaka kwa vidole viwili, kwa utaratibu kama mtu anayemlisha mtoto, na akainama kutazama. Mlango ulikuwa wazi na mwanga ulitosha. Aliutazama ulimi juu, kisha akauinua akatazama chini yake. Akatazama ufizi na mashina ya meno, ambako rangi ya mpungate hukaa siku mbili hata ukijisugua namna gani. Ulimi ulikuwa mweupe kama unga. Haukuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Alimfunga tena kitambaa. Alichelewa kwenye fundo, na bibi alimsaidia. Kisha alikaa na kusema neno moja, si kwangu wala kwa bibi.

"Hakula."

Kaka alizikwa alasiri. Mama hakulia. Watu waliona ajabu, na wengine walisema ana moyo wa jiwe, maana watu hawana dogo.

Siku ya hitima ilitubidi tuwape waliokuja kitu cha kula. Mchele hatukuwa nao. Nyumba iliyofiwa Pemba inalishwa na majirani, ndiyo ada, lakini mwaka ule majirani walikuja na mikono mitupu na nyuso zimeinama, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kitu. Mama alichukua kijiti na pakacha, akaenda maweni mwenyewe. Alikwenda huko mbali alikokuwa akienda kaka. Aliporudi vidole vyake vilikuwa vimejaa manyoya na hakukubali bibi ayatoe. Alifagia, akamenya, akakamua kwa kitambaa ili mbegu zisipite, akatia tangawizi. Mapande akayapika kwa tui. Alifanya yote kwa uangalifu kama wa harusi.

Wanawake walikaa ndani, wamejaa mpaka ukumbini, wakasoma, wakaitikia amin. Kisha bakuli zikapita. Wote walikuwa wale wa kisimani. Walikula, na walipokunywa yale maji walifuta midomo kwa upande wa kanga. Jirani yetu alimshika mama mkono kwa muda mrefu akamwambia, "Pole, bibi yangu. Mungu atakupa subira." Aliposema niliuona ulimi wake, mwekundu. Nilimchukia siku hiyo kwa moyo wangu wote wa kitoto, ingawa alikuwa analia kweli na mumewe alikuwa amemchimbia kaka kaburi. Wote waliotoka mlangoni kwetu walitoka na ulimi mwekundu. Mama peke yake hakuonja.

Mimi nilikunywa. Nilikuwa na njaa na hakuna aliyekuwa akiniangalia, nikanywa bakuli langu na yaliyobaki katika bakuli za wengine.

Walipokwisha kwenda, bibi alikuwa anakusanya vyombo. Mama alikaa pale pale mlangoni alipokuwa akikaa jioni zile za sheria. Akaniita. Nilikwenda nikiogopa, nikadhani nimekosa.

"Toa ulimi," akasema.

Nikautoa. Alinishika kidevu kwa vile vidole vyake vilivyojaa miiba, akanigeuza kwenye mwanga, akautazama kwa muda mrefu, juu na chini. Kidevu kilinichoma na sikuthubutu kusogea.

"Haya," alisema. "Wewe umekula."

Na hapo ndipo alipolia.